Taa ya Nguzoni na Mabati ya Jikoni

Jumatatu, 10 Machi 2025

Leo nguzo imechimbiwa kando ya jikoni, na Gesare amekunywa chai vikombe viwili akiwa amesimama. Nilimwambia, keti mwanangu. Akasema, "Mama, nikiketi sitaamka." Basi akanywa amesimama, viatu vimejaa matope, na mwenzake wa kazi Linda akazimaliza ndizi zote za kuchemsha nilizokuwa nimemwekea Gesare.

Naandika kwenye shajara ya bure tuliyopewa na chama cha akiba. Kikisii ndicho naongea kutwa, lakini kalamu yangu ilifundishwa Kiswahili, na masomo yakaishia darasa la sita. Wacha niandike hivyo hivyo. Nikiyaacha mambo kichwani yananisumbua.

Juu ya nguzo kuna kisanduku na taa ndogo nyekundu. Taa nyingine kama hiyo wameifunga kwenye zizi, hatua chache tu. Nikamuuliza Gesare hii ni nini ameniletea.

"Hiki kisanduku kitalia mara moja, mama."

"Nitakisikia?"

"Hapana. Ni wimbi, kama la redio. Sikio halilipati. Litapanda mpaka kwa vile visanduku tulivyoweka juu, kanisani, shuleni na kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai. Lakini halitafika kwa mkupuo mmoja. Kipande kimoja kitaenda moja kwa moja. Kingine kitagonga kwanza mwamba wa kwa Osoro, kingine mikaratusi, kingine mabati ya kanisa. Vyote vinanaswa kule juu, kila kimoja na wakati wake. Halafu kila jioni tunavirudisha kinyume. Kilichofika mwisho kinatumwa kwanza, na kilichofika kwanza kinatumwa mwisho."

"Ili iweje?"

"Ili kila kipande kirudi kwa njia yake ileile kiliyopitia, na vyote vikutane hapa kwa nguzo kwa wakati mmoja. Vikikutana, taa hii inawaka. Ile ya zizi isiwake."

Baba Gesare akasema, "Hata ng'ombe asionjeshwe mwanga kidogo?" Tukacheka, na Gesare akacheka kicheko chake cha zamani, kile cha kufunika mdomo.

Bonde letu halishiki simu, ndiyo maana wamelichagua. Wakubwa wa Gesare kazini watakuja mwisho wa Mei. Kama huu mlio wa leo utakuwa bado unawasha taa baada ya mvua zote hizi, mitambo itabaki kwenye milima yetu na Gesare atapewa ofisi pale Nyanchwa. Usipowasha, wataipeleka Lodwar, kwenye ukame, ambako hakuna kinachoota na kuziba njia. Naye atakwenda nayo.

Amekuwa Eldoret, akawa Nairobi, akawa ng'ambo. Sasa anapanga chumba Nyanchwa, karibu hivi, na bado hajalala kwangu.

Kazi yangu: nguzo isisogezwe, mikaratusi isikatwe, na kila jioni nipande mpaka kituo cha majani ambako simu inashika, nimwambie imewaka ama haikuwaka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua saa tisa. Taa imewaka. Ya zizi haikuwaka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekaa na wasiwasi. Jua likitua leo Sabato inaingia, na taa inawaka jua likitua. Je, nguzo yangu inafanya kazi siku ya Sabato? Nikamuuliza Nehemiah, mzee wa kanisa, tulipokutana mtoni. Akanitazama sana. "Dada Esnah, kuku wako wakitaga Sabato unawarudishia yai?" Nikasema hapana. "Basi taa ifanye yake. Wewe usiifanyie."

Imewaka. Nimepanda kituoni. Kutembea si kazi.

"Imewaka, mama?"

"Imewaka. Huku hakuna neno. Usijali."

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Imewaka. Nimeanika shuka za kitanda chake tena, ingawa hakuna aliyezilalia.

Jumatano, 26 Machi

Leo mvua ya mawe. Imepiga majani ya chai mpaka yakabaki vijiti, na migomba imechanika kama nguo ya mwendawazimu. Baba Gesare alikuwa anafunika mbegu, mimi nikakimbia nje na sufuria kubwa kichwani, nikasimama kando ya nguzo nikaifunika ile taa na shuka. Mawe yakanigonga mabega. Aliponiona akapiga kelele, "Mama Gesare! Wacha hiyo nguzo, haina mama!"

"Ina mama," nikamjibu. "Ndiye mimi."

Jioni nikatoa shuka, nikangoja. Ikawaka! Kumbe majani yamechanika yote na bado wimbi limepata njia. Nilipomwambia Gesare alicheka, akasema mwamba na mabati ya kanisa ndiyo yanabeba sehemu kubwa, majani ni kidogo. Halafu akaniuliza, "Na nyinyi, mko sawa?"

Nilitaka kumwambia mabega yananiuma. Nilitaka kumwambia aje anikande kama nilivyokuwa namkanda yeye akiwa mdogo. Nikasema, "Huku hakuna neno. Usijali."

Alhamisi, 3 Aprili

Imewaka.

Jumapili, 13 Aprili

Nyamoita amekuja. Ndiye mwenyekiti wetu wa kikundi cha mabati. Sisi akina mama tunachanga, na kila mwaka boma moja linaezekwa. Mwaka juzi kwa Nyanchera, mwaka jana kwa Nyamoita mwenyewe. Amesimama mlangoni pa jikoni yangu, akainua shingo akatazama nyasi za paa zilivyokuwa nyeusi kwa moshi.

"Esnah, zamu imekufikia."

"Lini?"

"Mei. Na ukikataa unarudi mwisho wa mstari, nyuma ya mke wa Okemwa ambaye hata hajaingia vizuri."

Nikakumbuka wageni wa Nairobi. Watakaa wapi? Watapikiwa wapi? Waone mama wa Gesare anatoka chini ya nyasi za masizi, macho yamejaa moshi, waseme huyu ndiye aliyemzaa mhandisi? Nikamwambia Nyamoita, sikatai. Ila asimwambie mtu. Nataka Gesare akija na wakubwa wake akute jikoni inang'aa, ashindwe kusema.

Baba Gesare aliuliza kama hiyo haitaharibu kitu cha nguzo. Nikamwambia nguzo hatuigusi, na mikaratusi hatuigusi. Ni paa tu.

Imewaka.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Imewaka. Gesare amepita hapa mbio kubadilisha betri. Nilimpikia chinsaga, zile mboga zetu chungu, na ugali wa ulezi. Alikula jikoni, ameketi kwenye kile kigoda chake kifupi, magoti yamefika kidevuni. Akaegemeza kichwa ukutani akafumba macho. Nikadhani amelala. Akasema, "Mama, hapa pananyamaza."

"Kwani Nyanchwa kuna kelele?"

"Si kelele. Basi tu."

Nilitaka kumwambia lala hapa leo. Lakini Linda alikuwa anamngoja barabarani na mvua ilikuwa inarudi. Nikamfungia ndizi.

Jumapili, 4 Mei

Imewaka. Mgomba wa kando ya jikoni umezaa.

Jumapili, 18 Mei

Leo ndiyo leo. Siku nzuri kuliko zote, mpaka jioni.

Nyamoita ana sheria yake. Hakuna mama kuingia na bati lake peke yake, wengine wakabaki nyuma kama waliofiwa. Lazima boma liingiliwe na wote mara moja. Kwa hivyo jana alipita kwa kila mmoja akampangia. Yule wa kule Ogembo atoke alfajiri. Wa Nyamarambe sokoni atoke baada ya uji. Nyanchera, ambaye ni jirani tu, akaambiwa akae kwake na bati lake mpaka asikie wimbo.

Nikasimama langoni. Kwanza kimya. Halafu wimbo kutoka njia ya mto, na mwingine kutoka njia ya shule, na mwingine kutoka juu kwa Osoro, na wote wakafika langoni kwangu kwa pamoja, mabati yakimeta vichwani, ardhi ikitingishika. Machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, hii ndiyo ile ya Gesare. Aliyetoka mbali ameanza kwanza. Aliye karibu ameanza mwisho. Mambo niliyokuwa naitikia tu "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa, leo nimeyaona kwa macho yangu.

Fundi alishusha nyasi, akapigilia mabati. Mpaka saa tisa jikoni yangu ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Nyamoita akanichokoza, "Sasa utapika umevaa miwani ya jua." Tukala, wakaomba, wakaenda.

Jua likatua. Nikatoka na kigoda changu nikaketi kuitazama taa.

Haikuwaka.

Nikangoja. Nikaenda zizini. Ya huko pia giza. Baba Gesare akasema labda ni mawingu, lakini mawingu yamekuwapo tangu Machi.

Nikapanda kituoni. Simu ikashika.

"Imewaka, mama?"

Alikuwa na sauti ya uchovu, ya mtu aliyekwisha vua viatu. Nikajisemea itawaka kesho.

"Imewaka," nikasema. "Huku hakuna neno."

Jumatatu, 19 Mei

Haikuwaka. Nikasema imewaka.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Haikuwaka. Nimepangusa kisanduku kwa kitambaa kikavu. Nikasema imewaka.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeomba juu ya ile nguzo, mkono juu yake kama mgonjwa. Baba Gesare akanikuta. Hakucheka. Akasema, "Mwambie mtoto."

"Nikimwambia watampeleka Lodwar."

"Na wakija hapa wakakuta giza mbele yake, yeye akiwa ndiye aliyewaita?"

Sikuwa nimeifikiria hivyo. Nilikuwa nafikiria kitanda chake tu.

Haikuwaka.

Jumapili, 25 Mei

Nimepanda kituoni mchana, kabla ya jua kutua, ili nisipate nafasi ya kusema uongo mwingine. Kituo kilikuwa kitupu, hakuna kupima majani Jumapili. Mvua nyembamba.

"Mama? Mbona mapema?"

"Gesare, taa haiwaki."

"Tangu lini? Jana umeniambia..."

"Jana nilikudanganya. Na juzi. Haijawaka tangu siku ya mabati."

Nikasikia pikipiki zikipita huko kwake Nyanchwa.

"Mabati gani, mama?"

Nikamwambia yote. Zamu, wageni, Nyamoita, nyasi. Nilikuwa naongea haraka haraka, nikasema na jinsi yalivyong'aa, kana kwamba hiyo ingesaidia. Akaniuliza jambo moja tu, kama paa lote limetolewa ama upande mmoja. Nikasema lote.

"Nakuja kesho," akasema, akakata.

Hata hakuniambia kwaheri.

Jumatatu, 26 Mei

Alifika na boda boda, amelowa, Linda yuko nyuma yake amekumbatia mkoba chini ya koti. Hakwenda kwenye nguzo. Alikwenda jikoni. Akasimama nje, akaweka kiganja kwenye bati.

"Nyasi ziko wapi?"

"Nzuri tumewatandikia ng'ombe. Zingine tukachoma."

Akazunguka akaenda zizini, akachukua konzi moja ya zile nyasi pale chini ya ng'ombe, akainusa. Mimi nilidhani amekasirika. Kumbe analia.

"Nilipokuwa ng'ambo," akasema, "nilikuwa na ile sweta ya kijani uliyonifumia. Sikuifua mwaka mzima, mama. Ilikuwa na moshi wa hapa. Nikizidiwa naifungua kabatini nainusa, naifungia tena."

Mimi miaka yote nilikuwa naionea aibu, hiyo harufu.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ungesema hakuna neno, usijali."

Nikapika chai. Alipotulia ndipo akanieleza. Wimbi la Machi lilikuwa linapenya zile nyasi kana kwamba hazipo. Sasa linagonga bati linatupwa pembeni, na lingine linatoka kwenye bati hilo hilo kuja kuvuruga yaliyobaki. Vipande havifiki pamoja tena.

"Kwa hivyo liko wapi?"

"Linakuja kila jioni, mama. Linatafuta boma la Machi."

Nikahisi vibaya. Siku nane nzima kitu kinashuka mlimani kuja kwangu, hakinioni.

"Turudishe nyasi? Nitamwambia fundi. Nyamoita anune tu."

Akacheka, huku pua inamtoka. "Hakuna haja ya nyasi. Nguzo ikilia tena, mara moja tu, kule juu watanasa njia mpya, na mabati yakiwamo. Yakishajulikana hata yanasaidia."

"Mara moja tu? Na mimi nimekonda hivi?"

Linda akapanda mpaka kituoni kutayarisha visanduku vya juu vinase. Gesare akabonyeza kisanduku. Jua lilipotua tukasimama sote watatu, mimi, yeye na baba yake. Ikawaka! Nyekundu, kali kuliko ya kwanza, naapa. Ya zizi giza. Nikapiga vigelegele mpaka Nyanchera akaitikia kutoka kwake bila kujua ni ya nini.

"Basi imepona," nikasema. "Wakubwa wakija watakuta inawaka. Nani atawaambia mengine?"

"Mimi," akasema Gesare. "Mlio wa Machi ulikufa tarehe kumi na nane Mei. Hivyo ndivyo nitakavyowaambia."

"Na Lodwar?"

Akanawa mikono, polepole, akairudia kuinawa.

"Mimi pia naiogopa, mama."

Alhamisi, 29 Mei

Wageni wamekuja na magari mawili. Wamekula kuku na chinsaga. Mkubwa wao, mama mmoja mrefu mwenye miwani, amesimama jikoni kwangu akasema, "Mama, jikoni yako imependeza." Nikamshukuru. Nilitamani kulia.

Taa iliwaka mbele yao. Wakapiga makofi. Halafu Gesare akawaambia lini ilikufa na kwa nini, na kwamba kwa siku kadhaa habari alizopewa hazikuwa za kweli. Hakusema ni nani aliyempa. Baba Gesare akanikanyaga mguu nisiseme. Nikasema ni mimi. Yule mkubwa akavua miwani akanitazama, akauliza tu, "Ulitaka abaki?"

Nikasema, "Ndiyo."

Wameamua Lodwar kwanza. Watajifunza pale pasipobadilika, ndipo warudi kwa watu wanaoezeka. Ni mwaka, labda zaidi.

Ijumaa, 30 Mei

Amelala kwangu. Usiku mmoja. Mvua ilianza jioni tukiwa jikoni, na mabati yakapiga kelele mpaka hatusikizani. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilifungua mdomo, akaonyesha sikio, akatikisa kichwa. Tukabaki tunatazamana na kucheka, tunachochea moto.

Chini ya nyasi tungeongea.

Jumapili, 1 Juni

Ameenda. Visanduku vya mlimani vimeshushwa. Nguzo ameniachia, na taa yake.

Jumapili, 8 Juni

Mvua zimepungua. Jua likitua macho yangu yanaenda pale pale. Baba Gesare ananiita, "Mama Gesare, hata mlima umenyamaza sasa, njoo ule."

Simu ya Gesare imekuwa haipatikani wiki nzima. Njia ya Lodwar ni ndefu.

Jumapili, 15 Juni

Leo imeita. Nilikuwa kituoni, nimeketi kwenye benchi la kungojea mzani.

Upepo ulikuwa unapiga upande wake. Akasema huko hakuna mti, ukitupa jiwe leo utalikuta mahali pake Krismasi. Akasema chakula ni kizuri, kitanda ni kizuri. Halafu akasema, "Hapa hakuna neno, mama. Usijali."

Nikaitambua hiyo sauti. Ni yangu.

"Gesare," nikamwambia, "mimi nina neno. Nyumba haina sauti tangu uende. Nakutaka nyumbani. Najua huwezi kuja sasa, lakini nakutaka, na nimechoka kusema hakuna neno."

Akavuta pumzi, ile ya mtu anayelia akiwa ameziba mdomo.

"Endelea," akasema.

"Niendelee na nini?"

"Niambie kilichobadilika. Chochote."

Nikamwambia. Mgomba wa kando ya jikoni tumeukata ndizi zake na shina limelala upande wa nguzo. Ng'ombe amezaa, jike, ana alama nyeupe pajini. Mke wa Okemwa ndiye anayefuata mabati. Baba yako amenyoa masharubu na sasa anafanana na dada yake. Mwamba wa kwa Osoro umevunjika kipande, kimeanguka shambani, hakikuumiza mtu. Mabega yangu bado yananiuma tangu ile mvua ya mawe. Kitanda chako nimekisogeza, sasa kinatazama dirisha.

Kila nikimaliza kimoja anasema "ndiyo," kama mtu anayenasa.

"Na moshi?" akauliza. "Siku hizi unatokea wapi?"

Nikatazama chini bondeni. Baba yake alikuwa amewasha moto.

"Zamani ulikuwa unapenya paa lote," nikamwambia. "Sasa unatoka pembeni tu, pale juu ya mlango, upande wa kigoda chako, kushoto. Umeshika?"

"Kushoto," akasema. "Nimeshika, mama."